Aliyeazima Mdomo wa Shemeji Yake

Asubuhi bado mbichi, lakini chumba cha kurekodia kimeshapata joto la jikoni. Kutani yametundikwa mablanketi makuukuu ili sauti isirudi. Feni imezimwa kwa sababu kipaza sauti kinaisikia. Waigizaji wawili, mwanamume na mwanamke, wamesimama na karatasi mkononi, na pembeni yao, juu ya ndoo iliyofunikwa, ameketi mwanamke wa makamo aliyefumba macho kama mtu anayeumwa jino.

Anayecheza mume anasoma mstari wake: "Samahani mke wangu, nimekosa."

Mwanamke wa kwenye ndoo ananyanyua kidole, bado kafumba macho. "Huyu mtu hawezi kuomba samahani mapema hivyo. Kwanza atauliza, nani kakwambia."

Mwigizaji anacheka, anakata mstari kwa kalamu na kuandika mwingine juu yake. Anasoma upya, na ghafla chumbani mna mwanamume mwongo ambaye kila mmoja wetu amewahi kukutana naye. Mwanamke anatikisa kichwa kukubali. Hacheki.

Kituoni hapa hakuna anayemwita kwa jina lake. Kuanzia bosi wa vipindi hadi mlinzi wa getini, wote wanamwita Mama Midomo. Kazi yake ni kuandika mazungumzo ya mchezo wa redio unaorushwa kila alasiri. Bosi ndiye anayepanga matukio, nani aoe na nani afukuzwe. Mama Midomo anawapa watu hao maneno ya kusema.

Malipo yake yanatosha pango la nyumba na kubakiza chenji ya sabuni, basi. Halalamiki. Kabla ya hapo alikaa miaka mingi kwenye dirisha la mapokezi la zahanati, na anasema huko ndiko alikosomea kazi hii.

"Mgonjwa anakuja dirishani anakwambia kichwa kinauma. Unamuuliza tangu lini, anakupa habari za mama mkwe wake. Nikagundua watu hawajibu unachowauliza. Wanajibu kinachowasumbua."

Mtindo wake ni wa peke yake, na ndio uliompa lile jina. Kila mhusika wa mchezo anamwazimia mdomo wa mtu aliye hai. Mwenye nyumba mkorofi anaongea kama daktari wa meno aliyewahi kumtibu. Muuza duka kapewa mdomo wa mwalimu wake wa hesabu. Wenyewe hawajui, na hakuna ambaye amewahi kujitambua, kwa sababu Mama Midomo anachukua namna ya kuongea tu. Matendo anatunga mwenyewe.

Akishapata mdomo, anaanza kupiga pasi. Nguo za nyumba nzima, hata zilizokwishapigwa. Huku anapiga pasi anaongea peke yake kwa sauti, mara mume, mara mke, mpaka mstari mmoja uteleze kabla hajaufikiria. Huo ndio anaouandika. Wanawe wameshazoea, mgeni akigonga mlango wanamwambia mama ana wageni wake.

Mwandishi wa makala haya alikwenda kituoni kutafuta habari nyepesi, jinsi mtu anavyoandika maongezi yakafanana na ya watu kweli. Alitarajia kucheka, arudi ofisini mapema. Alichokisikia kilimfanya aweke kalamu chini.

Mwaka huu bosi alileta mhusika mpya, mume mwenye siri. Siri yenyewe haikuwa kubwa, alikuwa amefukuzwa kazi na anamficha mkewe. Mama Midomo akatafuta mdomo wa kumpa, na hakwenda mbali. Akamwazimia wa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa.

"Shemeji ana raha ya kumsikiliza," anasema. "Ukimuuliza jambo anakwambia 'tulia kwanza', halafu anakurudishia swali. Unaondoka umeridhika, ukifika nyumbani ndio unakumbuka hajakujibu. Tulikuwa tunamtania sana."

Siku moja familia ilikuwa imekusanyika kwa Mama Midomo kwa chakula cha mchana, dada akamuuliza mumewe mbele ya wote kuhusu kiwanja chao. Hicho ndicho dada alichokuwa akikiwekea akiba miaka yote kwenye karakana ya sare za shule anakoshona. Matofali yalishapelekwa, wakawa wanasubiri kujenga. Shemeji akasema tulia kwanza, kisha akauliza hii chai ina tangawizi ngapi. Watu wakacheka, na Mama Midomo akacheka kuliko wote.

Wiki chache baadaye alikuwa kwenye pasi, anaandika mhusika wake. Mke wa kwenye mchezo anauliza swali la kawaida tu, la kujaza nafasi, kuhusu nyumba wanayotaka kujenga: "Mafundi wanaanza lini?" Na mume, badala ya kutaja mwezi, akajibu: "Tulia kwanza. Mafundi wa siku hizi unawajua wewe? Ngoja mvua ziishe."

Mama Midomo aliinua pasi. Kwenye mchezo hakukuwa na mvua, ni vumbi tupu.

"Nilishtuka mwenyewe. Nikasema, huyu mtu hana kiwanja tena. Kashakiuza. Mdomo wake wote unakimbia kiwanja."

Akampigia bosi simu papo hapo, akamwambia siri ya yule mume si kazi, ni kiwanja. Bosi akafurahi. Wakabadilisha hadithi, wakarekodi, ikaenda hewani.

Alasiri hiyo redio ilikuwa wazi kwenye karakana ya sare, kama siku zote. Mafundi wenzake dada walikuwa wakimcheka yule mume mjanja mpaka machozi. Wanasema ghafla walisikia cherehani moja imenyamaza. Dada alikuwa kaacha mguu hewani juu ya pedali, kitambaa kimekwama chini ya sindano.

Jioni alirudi nyumbani. Mumewe hakuwa amesikia redio, alikuwa kazini kwake kutwa. Dada akamuuliza lile lile la kwenye mchezo, neno kwa neno: mafundi wanaanza lini?

"Akanijibu, tulia kwanza, mafundi wa siku hizi unawajua wewe," anasema dada. "Nikasubiri. Akaongeza, ngoja mvua ziishe. Na huku ni kiangazi kikavu. Nikahisi kama redio imehamia kwenye kiti chake."

Akambana zaidi, na mwanamume akasema ukweli. Kiwanja alikuwa amekiuza tangu zamani, pamoja na matofali yake.

Mtu mwingine angeanza na mumewe. Dada alianza na simu. Alimpigia mdogo wake, akamuuliza swali moja tu: "Ulijua tangu lini?" Simu ikakatwa papo hapo, na tangu siku hiyo dada hakupokea tena.

Hebu jiweke mahali pa Mama Midomo. Hata angeeleza kwamba alitunga tu, nani angeamini? Kwa macho ya dada, mdogo wake alijua siri ya nyumba yake, akaitangazia nchi nzima kabla ya kumwambia yeye. Mama Midomo mwenyewe alianza kujitilia shaka. Alikuwa akiamka asubuhi anajiuliza kama kweli hakujua, au alijua pale pale mezani akaamua kucheka.

Hakuweza kuandika. Mke wa kwenye mchezo alitakiwa kumjibu mumewe, na kila mstari ulitoka mbaya kuliko uliotangulia. Kituo kikarudia vipindi vya nyuma, wasikilizaji wakaanza kupiga simu kulalamika. Familia ilikuwa na dada wawili tu, na sasa hawasemezani.

Siku ya pili ya mahojiano yetu mlango wa chumba cha kurekodia ulifunguliwa bila kubishwa. Akaingia mwanamke mrefu aliyevaa aproni yenye vipande vya nyuzi. Akawasalimia waigizaji, akamsalimia fundi mitambo, akamsalimia na mwandishi. Akamruka mdogo wake.

Ikabidi mwandishi aulize kama aondoke. "Kaa," akasema dada. "Nchi nzima imeshasikia, wewe ukiandika itapungua nini?"

Kisha akaomba asomewe majibu ya yule mke. Mwigizaji akamtazama Mama Midomo, akasoma kwa uchungu wote: "Umeniua ningali hai! Umezika ndoto zangu zote!"

"Nani anaongea hivyo ndani ya nyumba?" akauliza dada.

Mama Midomo akajibu akiangalia sakafu kwamba wahusika wote wana midomo ya watu, isipokuwa huyo mke. "Sikutaka kuazima wako, dada. Niliona nitakuwa nimekukosea heshima."

"Wa mume wangu uliona sawa."

Hapo ndipo Mama Midomo alipomwambia alichokuwa akikitafutia maneno siku zote hizo. "Sikujua. Naapa sikujua. Nilisikia jinsi anavyoongea, nikamfuata tu, nikafika huko. Labda masikio yangu yalijua. Mimi sikujua."

Dada alimtazama muda mrefu, jinsi anavyotazama mshono anaoutilia shaka. Halafu akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Siku nyingine ukisikia kitu, niambie mimi kwanza," akasema. "Hata kama unadhani umetunga."

Mama Midomo alilia, na hakuona haya. Alipotulia akasema ameshaondoa meza ya pasi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, pale penye mwanga, kwa sababu dada akihamia kwake cherehani itahitaji dirisha. Dada hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza kama dirisha hilo linafunguka.

Mipango mingine ya Mama Midomo ni miwili. Kuanzia sasa ataomba ruhusa kwa kila anayemwazima mdomo, hata daktari wa meno. Na anataka kuumaliza mchezo huu kabla wasikilizaji hawajamchoka, ila mke yule bado hana la kumjibu mumewe. Kwa hiyo akamgeukia dada, akamuuliza kwa sauti ya chini kile ambacho sote tulikuwa tunaogopa kuuliza. Yeye, shemeji alipomwambia ameuza, alimjibu nini?

Dada aliondoa uzi kwenye aproni yake.

"Tulikuwa tunakula," akasema. "Akasema, nimeuza. Nikamuuliza, nikuongezee mboga?"

Fundi mitambo alivua vifaa vya masikioni. Mwigizaji wa kike alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

"Na yeye?" akauliza Mama Midomo.

"Akasema, kidogo."

"Ukamwongezea?"

"Nikamwongezea. Akala akamaliza. Asubuhi nikabeba cherehani yangu nikaondoka."

Mama Midomo akashika mkono wa dada yake, akamwomba ruhusa ya kuyaandika yote kama yalivyosemwa.

"Andika," akasema dada. "Lakini na ile 'kidogo' yake usiiache."