Sumaku 388 za Orysia Hnatiuk na sakafu iliyomdanganya

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumatatu. Jua limeshapanda juu ya maghala ya ngano ya Marlow Creek, na Orysia Hnatiuk amepiga magoti kando ya meza namba 141. Amevua saa, pete na mkanda. Mbele yake, ndani ya kisanduku cha mbao chenye dirisha la kioo, kipande cha sumaku chenye urefu wa kidole gumba kinaning'inia kwa uzi, kinayumba polepole kushoto na kulia.

Anahesabu kwa midomo, bila sauti. Myumbo wa kumi unapotimia anasema, "Sasa," na mwenzake aliyesimama hatua tatu nyuma anabonyeza saa ya sekunde.

"Sitini na sita nukta nne," anasema Verna Kowalchuk.

"Andika."

"Nimeshaandika. Ningekuwa nangoja amri yako tungemaliza Krismasi."

Wanahamia meza namba 142. Ziko meza 388, na kila moja lazima ipimwe mara mbili, na watu wawili tofauti. Keshokutwa wanafunzi 388 kutoka nchi 78 wataketi hapa, katika ukumbi wa hoki ya barafu wa mji, kufanya mtihani wa vitendo wa mashindano ya kimataifa ya fizikia. Namba hizi zikikosewa, watakuwapo vijana watakaopima vizuri na kuandikiwa kwamba wamekosa.

Orysia analijua hilo kuliko mtu yeyote. Ukumbi aliuchagua yeye.

Ana miaka 58. Ni fundi sanifu wa maabara ya fizikia katika chuo kikuu cha mji, kazi aliyoifanya kwa miaka 31 kwenye chumba kimoja cha chini ya ardhi. Mshahara wake ni dola 64,000 kwa mwaka, chini kidogo ya anachopata dereva wa greda wa wilaya, jambo ambalo dereva huyo, shemeji yake, hulitaja kila Pasaka.

Alizaliwa katika shamba la ngano kilomita arobaini kutoka hapa. Kulehemu alifundishwa na baba yake akiwa na miaka tisa, kwa sababu mashine za kuvunia huharibika wakati wa mavuno na fundi wa mjini huja baada ya mavuno. Alipata nafasi ya kusomea uhandisi. Mwaka huohuo baba yake akapoteza mkono kwenye mashine, naye akarudi nyumbani misimu miwili. Nafasi haikumngoja. Alisoma stashahada ya miaka miwili, akaajiriwa.

"Maprofesa wanakuja na kuondoka," anasema. "Mimi ndiye ninayejua swichi ipi haiguswi."

Chuo kilipokubali kuandaa mashindano, kazi ya vifaa alipewa yeye. Sharti la mashindano haya ni moja na halina huruma: kila mwanafunzi, atoke nchi yoyote, apewe kifaa kilekile. Si kinachofanana. Kilekile.

Ilimchukua miezi kumi na minne. Aliagiza sumaku 1,100, akapima kila moja, akabakiza 420 zilizotofautiana kwa chini ya sehemu moja katika mia mbili. Visanduku alivikata mwenyewe kwa mbao za msonobari na kuvifunga kwa gundi, maana msumari mmoja ungeharibu kila kitu.

Swali lenyewe ni jepesi kulieleza. Sumaku inayoning'inia huyumba haraka pale mvuto wa sumaku ya dunia ulipo mkubwa, na polepole ulipo mdogo. Mwanafunzi anaambiwa mvuto wa mahali alipo ni kiasi gani, anapima myumbo, kisha anatafuta nguvu ya sumaku yake. Lakini huku kaskazini mvuto huo huelekea zaidi ardhini kuliko pembeni. Ule wa pembeni, unaoiyumbisha sumaku, ni mdogo, na chuma kidogo tu kinauvuruga.

Orysia aliliwaza hilo. Alipiga marufuku viti vya chuma vya kukunja. Meza zenye miguu ya chuma alizikataa, akaazima za mbao kutoka kumbi za makanisa ya vijiji kumi na moja. Aliandika barua kwa timu zote kuhusu mikanda, funguo na vibanio vya nywele.

Sakafu hakuiwaza.

Ukumbi ulikuwa ndio pekee wenye paa na nafasi ya meza mia nne, na kila mtu kwenye kikao alisema hivyohivyo. Yeye mwenyewe alikuwa golikipa wa timu ya wanawake humo kwa miaka ishirini na mbili. "Nimeangukia sakafu ile mara nyingi kuliko nilivyopiga magoti kanisani," anasema. "Kwetu sisi chini pale kuna barafu. Barafu ikitolewa Aprili, kwa akili yetu hakuna kitu tena. Mgeni angeuliza. Sisi hatukuuliza."

Jumamosi saa nane mchana, meza zikiwa zimepangwa, alijaribu kisanduku kimoja kwa desturi tu. Maabarani, miyumbo kumi ilichukua sekunde 62. Hapa ilichukua 71. Akabadili uzi: 71. Akabadili kisanduku: 71. Akakipeleka kwenye ngazi za mbao za watazamaji: 62.

Lyle Desjarlais, mlinzi wa ukumbi na dereva wa mashine ya kulainisha barafu, alikuwa akipita na ndoo.

"Umeanza kuchezea nyuzi, bibie?"

"Lyle, chini ya sakafu hii kuna nini?"

"Zege."

"Ndani ya zege?"

"Mabomba. Ulidhani barafu tunaigandisha kwa maombi?"

"Mabomba ya nini?"

"Ya chuma. Kilomita kumi na tano na ushee. Ukumbi ulijengwa mwaka sitini na saba, na plastiki wakati huo ilikuwa ya vikombe." Akaweka ndoo chini. "Na upande wa kaskazini kuna yale makubwa yanayogawa maji ya chumvi ya kugandishia, mazito kama ng'ombe."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza kama vyoo vinafanya kazi."

Aliketi kwenye benchi la wachezaji wa akiba kwa dakika kama kumi. Kisha akampigia simu Profesa Abram Thiessen, mwenyekiti wa kamati ya mtihani.

Thiessen anasimulia bila kujitetea. "Nilimwambia kuna njia rahisi. Tupanue kiwango cha majibu yanayokubalika. Asahihishaye akikuta jibu liko mbali kidogo, atoe maksi. Hakuna atakayejua."

"Kwa hiyo aliyepima ovyo atapata sawa na aliyepima vizuri," Orysia alimjibu.

"Baadhi yao."

"Abram, watoto hawa wameacha kuogelea miaka minne ili wajifunze kupima. Halafu tuwapimie kwa jicho?"

Profesa akauliza anahitaji nini. Alihitaji watu sita wenye subira, wasio na chuma mwilini.

Walimu walikuwa wakipokea wageni uwanja wa ndege. Hivyo Orysia aliita timu yake ya zamani ya hoki. Walikuja wanawake sita, mdogo wao ana miaka 51, wakiwa na suruali za kamba kiunoni na pirogi, vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, kwenye bakuli la plastiki.

"Goti langu je?" Verna aliuliza mlangoni. "Lina kipande cha hospitali."

"Ni titani, haishikwi na sumaku. Halina shida."

"Basi ndicho kitu pekee mwilini mwangu kisicho na shida."

Mpango ulikuwa huu: kila meza ibandikwe msalaba wa utepe pale kisanduku kitakapokaa, ipimwe mvuto wake hapohapo, na namba yake iandikwe kwenye kadi ya mwanafunzi wa meza hiyo. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja katika mia, mtu wa tatu anapima upya. Meza arobaini za upande wa kaskazini, juu ya yale mabomba makubwa, hazikupimika kabisa, kwani kusogeza kisanduku upana wa kidole kulibadilisha jibu. Lyle alizibeba moja moja hadi ukumbi wa dansi wa ghorofa ya juu, wenye sakafu ya mbao.

Jumatatu jioni vipimo 776 vilikuwa kwenye daftari. Lakini daftari halikuwa neno la mwisho.

Katika mashindano haya swali huonwa na viongozi wa timu siku moja tu kabla ya mtihani. Hulijadili neno kwa neno, hulipigia kura, kisha kila mmoja hulitafsiri kwa lugha ya wanafunzi wake. Kuanzia hapo hawaruhusiwi kuonana na wanafunzi hao. Wakilikataa, hakuna mtihani wa vitendo, na kazi ya miezi kumi na minne inarudi kwenye maboksi.

Thiessen alijitolea kusema yeye. Orysia alikataa. "Ukumbi niliuchagua mimi."

Alikuwa hajawahi kuhutubia watu zaidi ya ishirini. Jumanne mchana alisimama mbele ya zaidi ya mia na hamsini, akasoma kutoka karatasi moja: nini kilikosewa, lini kiligunduliwa, nini kimefanyika. Ilimchukua dakika nne.

Marjeta Zupan, kiongozi wa timu ya Slovenia, mwenye sifa ya kutosamehe hata koma, alisimama wa kwanza.

"Ulijua Jumamosi?"

"Saa nane mchana."

"Kwa nini hukubadilisha swali?"

"Swali ni zuri, mama. Sakafu ndiyo mbaya."

Watu walicheka. Zupan hakucheka. "Naomba meza kumi. Nitazichagua mimi."

Viongozi walivuka uwanja wa magari hadi ukumbini, wakaacha mikanda yao kwenye meza ya mlangoni. Zupan alipima mwenyewe. Meza tisa zilikubaliana na kadi zake. Ya kumi, namba 256, ilipishana na kadi kwa sehemu sita katika mia.

"Rudia," alisema mtu nyuma. Zupan alirudia. Jibu halikubadilika.

Orysia alifungua daftari na kulisoma kimya. Kisha akasema kwa sauti ileile aliyosomea karatasi: "Daftari liko sawa. Kadi imeandikwa namba ya meza 265. Mwandiko ni wangu."

Verna, aliyekuwa kwenye ngazi, anasema huo ndio wakati alioogopa. "Angeweza kusema ni mmoja wetu. Tuliandika kadi wote. Nani angejua?"

Orysia hakuomba radhi. Aliwaambia viongozi kwamba kadi moja ikiwa mbaya, zote zinashukiwa, na kwamba zote zitalinganishwa na daftari kabla jua halijazama, mbele ya yeyote anayetaka kushuhudia. Huku Julai jua huzama saa tatu na nusu usiku.

"Nani atasoma daftari?" Zupan aliuliza.

"Yeyote asiye mimi."

"Basi nitasoma mimi. Mwenzangu atatafsiri swali."

Kura ilipigwa palepale, viongozi wakiwa wamesimama kati ya meza: 71 walikubali, wanne walikataa, watatu hawakupiga. Sharti lilikuwa kadi zote zikaguliwe. Zupan alivua koti, akaketi kwenye kiti cha mbao, akasoma namba zote 388 kwa sauti, na wanawake wa hoki wakaitikia kila meza. Hawakupata kosa jingine. Walipofika meza ya mwisho, Lyle alimletea mgeni sahani ya pirogi zilizopoa. Alikula nane.

Siku ya mtihani Orysia alikaa benchi la akiba, na visanduku 32 vya ziada miguuni. Kwa saa tano hakuna aliyezungumza. Nyuzi mbili zilikatika, akazibadilisha.

Jibu lake alilipata Ijumaa. Thiessen alichora majibu ya wanafunzi wote kwenye karatasi moja, kila nukta mahali pa meza yake. Kama sakafu ingeshinda, nukta zingejipanga kufuata mabomba. Orysia aliishika karatasi hiyo muda mrefu dirishani.

"Haina umbo," alisema hatimaye.

"Haina," alisema Thiessen.

Waliopima vizuri walikuwa wametawanyika kila upande wa ukumbi, na waliopima vibaya pia. Karatasi hiyo sasa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati lake, mahali ambapo wengine huweka picha za wajukuu. Za wajukuu anazo pia, chini yake.

Mwakani anastaafu. Visanduku 420 chuo kilitaka kuviweka stoo, lakini ameandika barua tatu na kupata kibali cha kuvigawa kwa shule za vijijini, akianza Septemba na zile za kaskazini mwa mkoa, ambako maabara nyingi ni kabati moja. Atavipeleka mwenyewe kwa gari lake, na Verna ameshajiweka kwenye kiti cha mbele.

Maelekezo anayaandika upya. Hatua ya kwanza haitaji sumaku kabisa: inamtaka mwanafunzi amtafute mlinzi wa shule na kumuuliza kuna nini chini ya sakafu. Kisha kuna namba moja, nguvu ya sumaku jinsi Orysia alivyoipima, na chini yake anwani yake ya nyumbani.

"Nataka waniandikie kwamba namba yangu imekosewa," anasema. "Na waniambie imekosewa kwa kiasi gani."