Propela Aliyonichagulia Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa tumbo moja ndiye aliyenichagulia propela. Nalisema mapema, msije mkadhani nililaghaiwa na mtu baki.

Mashua ilikuwa yangu. Baba alinipa akiwa hai, mbele ya mashahidi, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki Kivinje nikipeleka na kurudisha abiria wa Songo Songo, na mdogo wangu alikuwa Dar akitafuta maisha. Siku ile alikuja kutoka Dar. Alikunywa kahawa yake, akanipongeza.

Kisha ikaja ruksa ya biashara. Maduka yakajaa vitu, na abiria wakaanza kuninung'unikia: kwa nini washinde baharini kutwa nzima chini ya tanga, na injini zipo? Nikajua nisipotia injini wataniacha, na mashua ya baba itaozea pwani. Hapo ndipo mdogo wangu alipokuja na injini ya dizeli ya nguvu za farasi kumi na mbili, na propela mbili nichague moja.

Moja ilikuwa pana, ya shaba, nzito, imefubaa. Nyingine ndogo, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

"Chukua hii ndogo, dada. Inazunguka haraka, na dizeli utatia kiduchu. Hiyo pana itakuulia injini, wallahi. Mimi nitaiuza chuma chakavu. Na huo mlingoti ung'oe, unakula nafasi ya watu bure."

Fundi aliyekuwa akitoboa tundu la shafti ya propela kwenye tezi, nyuma ya mashua, alikuwa mtani wetu, mtu wa Kitomanga. Utani wa kurithi huo: tulipomzika baba, yeye ndiye aliyelala kaburini akidai hatoki mpaka apewe jogoo. Akaishika ile propela ndogo, akaigeuzageuza.

"Mtani, huu si mwiko wa uji? Na mashua yako hii ni ugali wa matanga! Utakoroga mpaka kiuno kikatike, sufuria yenyewe haijatikisika."

Tulicheka mpaka machozi. Mdogo wangu alicheka kuliko wote. Nikamjibu mtani, "Nyamaza, mla mihogo! Propela umeijulia shamba gani?" Maneno ya mtani nani huyaweka moyoni? Mlingoti tukaung'oa siku hiyo hiyo.

Safari ya kwanza nilijaza watu, na mtani akaja kuangalia injini. Karibu na pwani tulikwenda vizuri, wanawake wakapiga vigelegele. Tulipokutana na mkondo, injini ikapiga mayowe, nyuma povu jeupe tele, na mashua ikagoma. Nikautazama mkoko mmoja ufukweni. Baada ya muda nikautazama tena, upo pale pale. Nikaanza kumwomba Mungu, na abiria wakaanza kunitazama mimi.

Ndipo boti ikaja nyuma yetu, mpya, mbao bado zinanukia, ikikata mkondo taratibu bila papara. Aliyeshika usukani ni mdogo wangu. Sikujua kwamba ana boti! Maji yalitoka chini ya tezi yake mazito, hayana povu. Sikuhitaji kuambiwa ile shaba pana ilikwenda wapi.

"Shikamoo, dada!"

Watu wote wanasikia. Ningefanya nini?

"Marahaba."

"Waache abiria waje huku, wasichelewe. Biashara huria hii, dada, usinune."

Wakavuka mmoja mmoja na vikapu vyao. Bibi mmoja niliyempakia miaka yote hakunitazama usoni. Mwanaharamu yule mdogo wangu! Ndiyo, namwita hivyo, na mama aliyetuzaa sote anisamehe. Hakutaka hata kunivuta. Alisema atatuma mtu kesho.

Tukabaki wawili, mimi na mtani, tumetia nanga, hatuna tanga wala mlingoti. Hasira zote nikamtolea yeye.

"Ulijua! Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia."

"Uliniambia kwa utani!"

"Ulitaka niseme vipi?" Safari hii hakuwa anacheka. "Ndugu yako wa damu amekaa pale, mimi mtu wa kuja. Pasipo utani ningefumbuaje mdomo? Na ningesema kwa uso mkavu, yeye akaapa wallahi yake, ungemwamini nani?"

Nilitazama ile boti mpaka ikawa ndogo.

"Yeye," nikasema.