Aliyeketi kwenye Mashine ya Kadi

Wanaonijua husema siku ile nilikuwa na malaria. Sikuwa na malaria. Nilikuwa mzima kama nilivyo sasa, nimekunywa chai kavu, maana sukari enzi zile uliisikia tu kwa jina, na ulikuwa mchana kweupe. Kwa hiyo usiniletee habari za homa. Sikiliza.

Nilikuwa naendesha kompyuta katika shirika moja la umma pale Mchafukoge. Kompyuta ya siku hizo ilijaza chumba kizima, na viatu tulivua mlangoni kwa sababu ya vumbi. Iliunganishwa kwa waya na mitambo mingine: ya kuchapa, ya tepu, na mashine ya kusoma kadi zilizotobolewa matundu. Hiyo ya kadi iliharibika, na fedha za kigeni za kuagiza nyingine hazikuwepo, tukapewa kuukuu ya ofisi moja kule Posta. Mzee aliyekuwa akiiendesha huko alikufa akiwa ameketi mbele yake. Kabla matanga hayajaisha, sisi tulishaibeba.

Tangu ilipofika, kompyuta ikawa inakata roho. Unaiwasha, programu kuu inayoongoza kila kitu inaamka vizuri, kisha Salome akiketi tu kulisha kadi, taa zote zinaganda. Salome alikuwa rafiki yangu, binti wa Kimachame, kicheko chake unakisikia toka ghorofa ya chini. Kwa kuwa mashine ilimfia mikononi kila mara, meneja akaona amempata mchawi wake. Akasema anahujumu shirika, na siku hizo neno hujuma halikuwa la mchezo. Alhamisi askari wakamchukua.

"Kesho wanakuja kuandika maelezo yangu," meneja akaniambia. "Kama una la kumtetea, nionyeshe kabla."

Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini, nilibaki peke yangu. Nikachomoa kila kitu, nikaacha kompyuta tupu. Ikaamka. Nikarudisha mtambo wa kuchapa, nikangoja. Salama. Nikarudisha wa tepu. Salama. Ikabaki ya kadi. Nilikuwa nimelala chali nyuma yake, waya mkononi, niliposikia sauti ya upole.

"Hodi humu."

"Karibu," nikajibu bila hata kugeuka. Wewe ungejibuje? Ndivyo tulivyolelewa.

Miguu ya mzee ikapita karibu na uso wangu, mitupu, imepauka kama imekanyaga majivu. Nikadhani ni fundi kaletwa na wakubwa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chomeka. Mimi nitalisha."

Nikachomeka. Kadi zikaanza kwenda, laini, hazikwami. Nikainuka nimshukuru. Niamini: mgongo niliuona, shati jeupe nililiona, na mikono ilikuwa ikipanga kadi. Ila kiti cha sponji alichokalia hakikuwa kimebonyea hata kidogo. Nikatupa jicho mlangoni. Palikuwa na viatu vyangu tu.

Kabla sijapiga kelele, meneja akaingia na askari wawili. Wakampita mzee bila salamu. Mtu mzima na adabu zake, ampite mzee hivi hivi? Ndipo nikajua hawamwoni.

"Si unaona?" meneja akasema, akizitazama kadi. "Salome hayupo, mashine inafanya kazi. Unataka ushahidi gani tena?"

Nilikuja kumwokoa rafiki yangu, kumbe namfunga kwa mikono yangu. Nikainamia kile kiti kama natafuta waya, nikanong'ona. "Mzee wangu, nakuomba uinuke. Mtoto wa watu atakwenda jela."

"Wewe ndiye uliyenikaribisha," akasema, hageuki. "Kule Posta wameninyang'anya mahali pangu. Nikiinuka hapa, niende wapi?"

Ungefanya nini? Nilimwona Salome kwenye sakafu ya mahabusu, na kile kicheko chake kimekatika. Nikasema, "Karibu nyumbani kwangu."

Akainuka. Papo hapo kadi ikakwama, taa zikaganda, kompyuta ikafa mbele ya meneja. Nikachomoa waya, nikawasha upya, ikaamka. Nikachomeka, nikalisha kadi mwenyewe, ikafa. Nikarudia mpaka askari mmoja akaguna. "Ndugu Meneja, cha kukamata hapa ni hiki kidude." Jioni ile Salome akaachiwa. Ana wajukuu sasa. Sijawahi kumwambia.

Mimi? Mume wangu alivumilia kidogo, kisha akarudi kwao. Ndani kuna kiti ambacho wageni wakikikalia huinuka wenyewe wakahamia mkekani. Alasiri nasikia kadi zikipangwa, chwa, chwa, chwa. Nilihama Kariakoo nikaenda Upanga, na siku ya kwanza tu akabisha hodi. Nilijaribu kunyamaza. Akabisha usiku kucha kwa upole uleule, mpaka nikalia, nikasema karibu. Hajanidhuru. Lakini namwogopa, miaka yote hii sijamzoea.

Sasa nimezeeka, kifua kinanisumbua. Juzi ameuliza, nikiondoka mimi, yeye atakwenda kwa nani. Kwa hiyo wewe, siku ukisikia hodi ya upole mlangoni pako, usikimbilie kujibu. Geuka kwanza, tazama miguu. Ukiiona mitupu, imepauka, nakuomba, funga mdomo wako, hata kama atabisha mpaka asubuhi.