Bunju wangu alivyomkodolea macho Mama akila makande

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Haya yametokea sebuleni kwangu hapa Lushoto, sina cha kuongeza. Bado nina mzuka nayo, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi nafuga samaki wa baharini. Ndiyo, huku huku milimani kwenye baridi. Maji nayatoa Tanga kwa madumu, na aquarium ina heater, maana Julai hata sisi wenyewe tunatetemeka.

Watu wanadhani samaki ni pambo. Thubutu!

Nina bunju mmoja, yule samaki wa macho makubwa anayejijaza upepo akiogopa. Jamaa ni mbea sijapata kuona. Ukifagia, anafuata ufagio kona hadi kona. Mke wangu akisuka nywele, anakuja kuangalia. Nimemtumbukizia ganda la konokono, analisukuma kwa pua mpaka juu ya jiwe, likidondoka analifuata, anaanza upya.

Halafu ukishika chakula, hata kama kashiba, anatingisha mkia kwenye kioo utadhani hajala tangu azaliwe. Wenzake wawili, wadogo wa rangi ya chungwa, wanamuiga.

Sasa basi. Mama yangu akashuka kutoka Magamba kututembelea. Tukamwamkia, naye akawasalimia samaki Kishambaa kabisa, onga mshi. Bunju akaja mbio. Mama akafurahi, akasema kumbe wana adabu.

Jumapili sisi tukaenda kanisani, yeye goti linalomsumbua likamweka nyumbani. Akajipakulia makande, yale mahindi na maharage, akakaa karibu na kioo.

Washambaa wenzangu mnajua. Kwetu mtu hali huku anaangaliwa. Anayekukuta unakula unamkaribisha, hata kama kimebaki kijiko kimoja. Na pale macho yote yamemkodolea, mikia inacheza.

Mama akawakaribisha. Kijiko baada ya kijiko, na mchuzi wa nazi juu yake.

Tunarudi, maji yamekuwa kama uji. Wale wadogo wako juu wanatweta. Bunju kalala mchangani, rangi imemtoka, mkia kaukunja.

Mama yuko na furaha zake. "Mnawanyima chakula hawa viumbe," akaniambia. "Nimekula nao."

Nikamweleza taratibu kwamba makande yanaoza mle ndani na yanawakosesha hewa, wanaweza kufa wote. Wakuu, Mama akashika kanga mdomoni, akawa anamwangalia bunju tu. Samaki waliniuma roho, lakini yeye aliniuma zaidi.

Kazi ikaanza. Mimi nafyonza uchafu kwa mpira wa maji, mke wangu anaopoa maharage kwa chujio la chai. Maji ya bahari ya akiba yalikuwepo, ila ya baridi kali, na ukiyamimina hivyo hivyo unawamaliza.

Mama akainuka na goti lake, akachochea jiko, akachemsha maji. Tukayasimamisha madumu kwenye beseni la maji moto. Kila dumu alilipima kwa kiwiko, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Akisema bado, tunasubiri. Akisema mimina, namimina.

Jioni wale wadogo wakaanza kuogelea. Bunju wapi! Mama akagoma kula.

Asubuhi nikamkuta kafungua kifuniko, kainamia maji, anambembeleza kwa Kishambaa. Nilitaka kumwambia amwache apumzike.

Mara bunju akajinyanyua mchangani. Akapanda polepole mpaka juu, akamtazama Mama, akamtemea maji ya uso, pwaa!

Jamani, niliruka! Mke wangu akatoka na mswaki mdomoni. Mama maji yanamchuruzika kidevuni, anacheka huku analia.

"Amenikaripia," akasema. "Basi, yamekwisha."

Funzo nililopata: hawa samaki wanatuchunguza kuliko tunavyowachunguza, na wanajua kuomba kuliko njaa yao. Mgeni akiingia, mwambie mapema asiwalishe, kabla hajakaa na sahani.

Mama hajaacha kuja. Ila chakula anakula jikoni na mlango kaufunga. Anasema hawezi kula mbele ya watu ambao haruhusiwi kuwakaribisha.

Haya, wafugaji wenzangu, wa kwenu wana vituko gani? Mwageni hapa, nipo nasoma.