Kengele ya Mbwa Wangu

Mimi nilianza maisha na kichwa tu, na juu ya kichwa, ngata. Nilibeba chumvi kutoka Masisi mpaka Walikale kwa miguu, nikarudi na mafuta ya ngazi, mawese. Masomo yangu ni miaka miwili kwa mapadri, basi. Lakini nyumba ya kwanza ya mabati pale juu ya Nyabiondo ilikuwa ya nani? Ulizeni.

Ni kule Walikale njo nilitoa mbwa wangu, mwekundu, mukia umejikunja. Mbwa wa pori lile habweki. Kwa sababu hiyo wawindaji wanamufunga kengele ya muti shingoni, wajue amefika wapi. Kilima chote kiliniomba mbwa huyo kwa kuwinda, na kila nyama aliyofukuza, paja lake lilikuja kwangu.

Ubaya wake ulikuwa mumoja: majike. Aliacha yote ya kilimani, akapenda jike la muzungu mwenye shamba la ngombe, ngambo ya muto. Kapita aliyesimamia wafanyakazi wa muzungu akapanda kwetu.

"Papa, patron amesikia kengele ile mara tatu. Ukate mbwa wako, ao umufunge. Siku ingine ni bunduki."

Nikaita mzee aliyehasi mbuzi zetu zote. Akaangalia mbwa, akaangalia kisu.

"Ukisema nikate, nitakata. Lakini mbwa wa kukatwa anafuata chungu, Papa. Nyama hafuati tena."

Bibi yangu wa ndoa alikuwa anachambua maharagi. "Basi afuate chungu! Si bora kuliko kufa? Wewe unakata maneno ya watu wa kilima chote, na ya mbwa moja imekushinda?"

Ilinishinda kweli. Nilimuambia mzee arudi kesho. Kesho yake nikamuambia tena arudi juma lijalo. Nilipomufunga mbwa kamba, alikataa chakula, akaniangalia tu, mpaka nikamufungua mwenyewe. Nilimukumbuka akitoka msituni na damu puani, watu wakiniita Papa wa Mbwa. Mukono ukakataa.

Halafu nikapata akili. Muzungu anasikia nini? Kengele. Nikaitoa shingoni, nikaitundika kwa musumari ukutani. Nilicheka peke yangu, nikasema shule ingenifundisha nini zaidi. Bibi hakucheka.

Siku ya ine, asubuhi, tulikuwa tunapalilia. Bunduki ikalia ngambo, mara moja. Nilibaki na jembe juu, sikulishusha wala sikulima.

Kapita alikuja na kofia mukononi.

"Pole, Papa. Patron aliona kitu chekundu kinapita karibu na ndama, kimya. Alizania ni mbweha."

"Si alisema atapiga?"

"Ile ilikuwa hasira tu. Angesikia kengele, angeniita mimi, nikamukamate. Nimekwisha kumuzika, pale chini ya kiraro cha ngombe."

Ningefanya nini? Wakati ule, nani alivuka muto kumuuliza muzungu habari ya mbwa? Mimi niliyebishana na wachuuzi wote wa Walikale, niliingia ndani, nikakaa chini ya ule musumari.

Kesho yake mzee alifika na kisu chake, kimenolewa vizuri. Ilikuwa siku niliyomuambia arudi. Tulimupa pombe ya ndizi. Alikunywa polepole, akarudisha kisu ndani ya nguo na kushuka kilima.