Koti Lililokosa Mpokeaji

Ulikuwa mwaka 2008; la, tuseme 2009, kwa kuwa mke wa mzee huyu alikuwa ameshazikwa. Majirani wa maghorofa ya Dixon, huko ughaibuni kwenye baridi, walimwita Karani, maana ujana wake wote uliishia kwenye stoo ya jeshi la Mwingereza kule Gilgil, akipakia mabuti na blanketi za serikali kwenye mabehewa. Huko mzigo ukishaondoka ulibaki juu ya kichwa cha aliyeutuma, mpaka wa upande wa pili ajibu kwamba umefika. Basi hata uzeeni, akikupa kikombe cha chai, vile vidole vyake virefu havikiachii mpaka useme, "Nimepokea."

"Hata andazi, mzee?" Chepkoech, jirani yake, alikuwa akimtania.

"Hata andazi, mama. Likianguka hapo katikati, ni la nani?"

Siku moja mwaka huo bintiye, Jennifer, alimshawishi watoe koti la baridi la marehemu, limfae mwingine. Wakashuka nalo hadi kwenye sanduku la chuma la nguo za msaada, kando ya maegesho. Karani akalitumbukiza, lakini mkono mmoja wa koti akabaki ameushika.

"Daddy, achilia basi, baridi inatuua."

Akasubiri kidogo, kichwa amekiinamisha, kama mtu anayesikiliza simu. Kisha akaachia. Koti likaanguka bila kishindo, na papo hapo akajuta. Akaingiza mkono hadi begani, asilifikie.

"Jennifer," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "sasa mama yako, nitajuaje kama amefika?"