Kibla cha Salumu

Asubuhi moja nilikuwa nafua shati uani kwa Bi Mwanahawa, mama mwenye nyumba wangu kule Temeke. Mwanawe, Salumu, alikuwa anaswali Dhuha pembeni, jua likimpiga bega la kulia. Mie Filipo ni mtu wa Songea, Mkristo. Majirani waliniita mshenzi wa bara, tena kwa sauti, nisikie vizuri. Salumu alipomaliza kuswali aliniita tule muhogo, kisha akanitania kwamba nakula kama nimetumwa. Nilimsikia akisoma kila siku, mpaka Alhamdu ikaniingia kichwani bila kufundishwa.

Vita vikatuchukua wote wawili. Tukawa keya, askari wa Mwingereza, tukapelekwa Burma.

Kule Salumu alipigwa risasi ya tumbo. Wenzetu walikuwa wamesharudi nyuma. Tulibaki kwenye handaki, yeye na mie.

"Filipo," alisema, "usinizike kama mbwa."

Alikufa kabla sijamjibu.

Nilimwosha kwa maji ya kunywa yaliyobaki kwenye chupa yangu, nikamsitiri kwa blanketi. Kibla sikujua kiko wapi. Nilijua jua tu. Nikangoja lichomoze.

Lilipochomoza, adui naye akaniona.

Risasi zilipita juu ya kichwa. Nililiweka jua mkono wangu wa kulia, kama nilivyokuwa namwona Salumu uani, nikamlaza kwa ubavu wa kulia atazame nilikotazama. Nikasoma nilichokijua. Nikamfukia kwa mikono, nikakimbia.

Vita vilipokwisha nilirudi Temeke kabla hata ya kwenda kwetu. Jamani, nilijiona nimebeba habari njema. Nilimsimulia Bi Mwanahawa yote, kaka yake, Mzee Kondo, akiwa ameketi kando. Mzee huyo alikuwa amekwenda kuhiji na alisikilizwa mtaa mzima.

"Ulimwelekeza wapi?" aliniuliza.

"Kaskazini, mzee. Kama hapa."

Alicheka kwa pua. "Hapa kwetu Makka iko kaskazini. Huko Burma iko magharibi. Umemlaza mtoto wetu miguu ikielekea Makka." Kisha akamgeukia dada yake. "Haya ndiyo matunda ya kufuga makafiri ndani ya nyumba."

Nilitamani ardhi inimeze. Angekuwa ananionea ningemjibu, maana mdomo ninao. Lakini hilo la miguu lilikuwa kweli, na mpaka leo nikilikumbuka natahayari.

Siku ya hitima niliwekwa barazani, kwenye viatu. Ndani walikuwa wanasoma. Sikudai nafasi, ningeidai kwa uso gani? Bi Mwanahawa akawaacha wanawake wenzake, akatoka, akaketi chini karibu yangu. Mzee Kondo alimwita kwa ukali. Hakuitika.

"Mwanangu, nisomee uliyomsomea."

"Mama, nilikosea."

"Nisomee hayo hayo."

Nikasoma kwa lafudhi yangu ya bara, maneno mengine nikiyaruka, mengine nikiyavunja. Hakunisahihisha hata moja. Nilipofika mwisho aliitikia amina, akalia kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Sikuthubutu kumtazama, nilitazama viatu vya watu. Salumu yuko kule vile vile nilivyomlaza, na hakuna wa kwenda kumgeuza.